Majibu Yaliyolingana

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa nesi katika kituo kidogo cha afya karibu na Sagana, na nikapewa kazi iliyoonekana rahisi: kuwauliza akina mama arobaini maswali ishirini kuhusu huzuni, kungoja wiki mbili, kisha kuwauliza yale yale tena. Fomu zilikuwa za Daktari Moffat, mtafiti kutoka Nairobi. Alitaka kujua kama zinaaminika. Majibu ya siku mbili yakilingana, basi fomu ni nzuri. Mama aliyepita alama ishirini angetibiwa. Waliobaki wangerudi zao shambani.

Siku ya kuuliza mara ya pili, Watiri aliingia, sweta imefungwa vifungo upande upande. Nilimjua mjane huyu, mama yake Theuri. Ndiye aliyetuchekesha kwenye foleni ya chanjo. Sasa mashavu yalikuwa yameingia ndani, na alijibu upesi huku akitazama sakafu. Unalala vizuri? Vizuri. Unaona faida ya kuishi? Sana. Nikalinganisha na fomu yake ya kwanza. Majibu hayakupishana hata kwa swali moja. Alama nne tu.

"Safi kabisa," Daktari akasema akisugua mikono. "Huyu ni wa thelathini na mbili kulingana hivi."

Nilikasirika. Alama ni alama, lakini macho nilikuwa nayo. Nikamfuata Watiri hadi kwenye bomba la maji.

"Mama Theuri, umekonda hivi kwa wiki mbili, na unaniambia ati unalala vizuri?"

Akageuka kwanza kuona kama kuna mtu. "Sista Ngendo, mimi siwezi badilisha. Ile kesi ya shamba ya marehemu mzee yangu, wazee waliuliza sisi mara mbili. Shemeji akageuza neno moja tu, wakasema ni mwongo, akashindwa. Ukiulizwa kitu mara mbili, unashikilia ile ya kwanza. Si kila mtu hapa anajua?"

"Lakini hii si kesi."

"Na si mnaandika?"

Mimi ni mzaliwa wa pale pale, na mama yangu alinifundisha hayo hayo. Aibu ilinishika. Nikaiweka kalamu mfukoni, nikaketi naye kwenye ngazi.

"Sasa siandiki. Leo uko aje?"

Aliutazama ule mfuko wenye kalamu. "Hakuna mtu amekufa wiki hizi mbili, hakuna mtu amenikosea. Lakini tangu ile siku ya kwanza nilikuja hapa, kila asubuhi naomba Mungu anichukue. Jana nilishika ile dawa ya kupulizia kahawa. Nikarudisha kwa sababu ya watoto."

Nilimkumbatia, nikalia kabla yake. Kisha nikamshika mkono hadi ofisini.

"Huyu leo haendi nyumbani," nikamwambia Daktari.

"Ngendo, unaniharibia utafiti!"

Nikamweleza yote: kesi, wazee, neno la kwanza. Alifungua mdomo kunigombeza, macho yakaangukia lile rundo la fomu mezani. Akachukua ya juu, akairudisha, akachukua nyingine. Majibu yalikuwa yale yale.

"Hawa wengine thelathini na mmoja," akauliza taratibu, "wanakaa wapi?"

"Nawajua wote."

Tulimlaza Watiri, tukamwachia nesi mwenzangu aketi naye. Daktari akachukua funguo za gari. Fomu aliziacha mezani, na tukaanza na nyumba iliyokuwa mbali zaidi.