Sweta la Kiangazi

Asubuhi ambayo mtoto alitolewa nje kwa mara ya kwanza, bibi yake alimvalisha kulingana na jua. Kilikuwa kiangazi cha kuchoma nyayo, mabati yalishaanza kulia, na ndani ya chumba chao kimoja hata mshumaa ulikuwa umejikunja. Alimfunga nepi, akamvika fulana isiyo na mikono na kofia nyembamba ya kumkinga utosi, akaziacha soksi kitandani. Mtoto mchanga avae nguo moja zaidi ya mtu mzima, ndivyo alivyofundishwa, lakini siku hiyo mtu mzima mwenyewe alitamani kuvua ngozi.

Akakaa naye kizingitini, upande wenye kivuli.

"Haya mume wangu, dunia ndiyo hii," akamwambia mjukuu. "Usiisifie mapema."

Mtoto akaitazama dunia. Kisha kope zake zikaota vumbi jeupe la barafu, vidole vikageuka zambarau, na pumzi ikaanza kumtoka kama mvuke wa birika. Bibi akamgusa shavu. Akaingia ndani akatoka na blanketi, halikutosha. Akafungua kabati akatoa sweta lake la sufu alilolitunza kwa ajili ya kipupwe, akamzungushia mara mbili. Rangi ikarudi.

Fundi redio, ambaye meza yake ilikuwa ng'ambo ya uchochoro, aliinua macho.

"Mama, huyo mtoto unamlea au unampika?"

"Njoo umguse."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akaja, akaweka kidole kwenye kile kishavu.

"Hii ni baridi ya kweli," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Jioni mama wa mtoto alirudi kutoka kazini. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha aiskrimu, na alikuwa amerudi kazini wiki moja baada ya kujifungua. Msimamizi alimweleza bila ukali wowote kwamba likizo ya uzazi ni ya walioajiriwa. Kibarua hazai, alisema, kibarua anakosekana kazini. Baba wa mtoto alikuwa ameenda mbali kutafuta kazi, na mpaka sasa anaitafuta.

Mama na bibi wakalinganisha habari za siku huku mtoto akinyonya. Asubuhi ile walikuwa wamempeleka mama chumba cha barafu kupanga maboksi, akiwa na gauni lake la kazi la kitambaa chepesi tu. Kulikuwa na koti moja nene lililotundikwa mlangoni mwa chumba hicho, lakini hilo lilikuwa la wageni wanaokuja kukagua.

Wakampeleka mtoto kwa muuguzi.

"Ananyonya?"

"Ananyonya sana."

"Anakojoa?"

"Mpaka kwenye mto wangu," akasema bibi.

"Basi mvalisheni kulingana na kazi ya mama yake," akasema muuguzi, akamwita mwingine.

Hivyo bibi akajifunza majira mapya. Mama akiwa jikoni, kwenye matangi ya kuchemshia maziwa, ilikuwa kiangazi: mtoto alibaki na nepi tu, hata kama nje kunanyesha, na matone ya mvua yaligeuka mvuke kabla hayajamfikia. Mama akiosha sakafu kwa mpira wa maji, ilikuwa masika: nywele za mtoto zililowa, na bibi alimvika kofia ya plastiki juu ya ile ya pamba, na soksi za kubadilisha aliziweka mfukoni. Mama akiingia kwenye barafu, ilikuwa sufu juu ya sufu. Mara nyingine majira yote yalipita kabla ya chakula cha mchana, na bibi alivua na kuvika mpaka mikono ikauma.

Siku moja katikati ya joto kali, vipande vyeupe vilianza kudondoka juu ya mapaja ya bibi. Vilikuwa vyepesi kuliko manyoya ya kifaranga, na kila kimoja kilikuwa na umbo lake, kama kimekatwa na mtu mwenye subira. Hakuna mtu wa uchochoro ule aliyewahi kuona kitu hicho. Waliokuwa wakipita walisimama. Muuza mkaa alitua gunia lake, akapokea kipande kimoja kwenye kiganja cheusi, akakitazama mpaka kikawa tone. Akaondoka polepole bila gunia. Alilirudia kesho yake, na hakuna aliyekuwa amechukua hata kipande cha mkaa.

Jioni hiyo mama alirudi akiwa hana mafua.

"Mama, leo ulimvalisha nini?"

"Sweta langu tena. Nimelikata mikono."

"Nilijua. Kuna kitu kilikuwa kinanichoma shingoni siku nzima, kama sufu. Halafu nikasikia harufu ya kabati lako."

Bibi alilikunja lile sweta, akalilaza kichwani pa mtoto, akakaa macho kidogo akilitazama.

Kuanzia siku hiyo alimvalisha mtoto kwa ajili ya watu wawili. Alifuma soksi nene, alifuma glavu zisizo na vidole, akapachika kitambaa laini kwenye shingo ya sweta ili isimchome binti yake. Mchana, watu waliochoka na joto walisogeza viti karibu na mtoto. Fundi redio akaja na chupa yake ya maji akaiweka kando ya blanketi.

"Toa chupa yako," akasema bibi. "Mume wangu si friji."

"Nimeazima ubaridi tu, mama. Siuli."

"Kaazime kwa mkeo."

Huko kiwandani, msimamizi aliona kwamba kibarua mmoja hatetemeki. Akauliza, akaambiwa, akaja mwenyewe kutazama. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu safi. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akaiona pumzi nyeupe ikipanda kwenye jua, na kwa muda mrefu hakuweza kuinuka.

"Mungu fundi," akasema.

Wiki iliyofuata kiwanda kilimletea mtoto koti la kitoto lililojazwa pamba, lenye zipu mpaka kidevuni. Bibi alishukuru, maana ndivyo mtu anavyofanya. Na kwa kuwa sasa mama hakuhisi baridi, alipangwa chumba cha barafu kuanzia kengele ya kuingia mpaka kengele ya kutoka. Kisha msimamizi akauliza kwenye mstari wa asubuhi ni nani wengine wamejifungua karibuni. Wakajitokeza wawili. Bibi wa mmoja na shangazi wa mwingine wakaja na watoto wao kizingitini, kwa sababu huko ndiko kazi hiyo ilikokuwa ikijulikana.

Lakini koti halizuii kila kitu. Mama akaanza kukohoa, kikohozi cha chini, cha mbali, na maziwa yakapungua. Akaenda kwa msimamizi kuomba koti la kwake.

"Koti si mlipewa?" akauliza msimamizi, na kweli walikuwa wamepewa.

Bibi aliposikia hayo hakulala vizuri. Alijiambia kwamba anayemtia binti yake kwenye barafu ni yeye, kwa mikono yake, kila anapofunga zipu. Mtoto asipovalishwa, mama atatetemeka, na anayetetemeka atatolewa. Kesho yake, watoto wote watatu walipokuwa juani, akamvua mjukuu wake soksi moja. Moja tu, aone. Vidole vitano vidogo vikawa vyeupe. Mtoto hakulia, alimtazama tu bibi yake. Bibi akavihesabu kwa kuvigusa, akavumilia, akavumilia, kisha akavitia mdomoni mwake kuvipasha moto, akairudisha soksi.

Jioni mama alirudi akichechemea.

"Mama, leo soksi ilidondoka?"

"Niliivua."

Mama akakaa kitandani akaanza kuusugua mguu wake.

"Nilidhani watakutoa," akasema bibi.

"Walinitoa. Mpaka getini. Wakanionyesha mwanamke aliyekaa nje kwenye jiwe, ana mimba ya miezi minane. Wakaniambia, kama umechoka, yule anasubiri."

"Ukasema nini?"

"Nikasema sijachoka, mama. Ningesema nini?"

Asubuhi bibi alimvalisha mjukuu wake fulana, sweta, koti, kofia mbili, na soksi alizozifunga kwa uzi zisidondoke. Nje jua lilishapanda. Wanawake watatu walikaa kwa mstari na watoto wao mapajani. Kengele ya kiwanda ikalia huko mbali, na baada ya muda mfupi pumzi za watoto zikaanza kupanda, tatu, nyeupe, zikikutana juu ya uchochoro na kutawanyika polepole. Watu wakapunguza sauti. Fundi akaizima redio aliyokuwa akiijaribu.

"Wameingia?" akauliza.

"Wameingia," akasema bibi, akaivuta zipu mpaka kidevuni.