Ram Mbili Tofauti

Muuza vipuri vya kompyuta aliniwekea mezani ram mbili, vile vibao vya kumbukumbu. Moja ya bei mbaya, ina vitaa vinavyometameta kama ukumbi wa harusi. Nyingine ya nusu bei, kavu tu.

"Shangazi, chukua hii yenye taa. Inaruka!"

Mimi sihadaiki kwa vitaa. Nilimwambia achomeke moja moja kwenye mashine yangu, afungue faili lile lile la kitabu cha kurasa mia nne, nami nishike saa. Ya taa, sekunde tisa. Kavu, sekunde kumi. Yaani nilipe mara mbili kwa sekunde moja? Akamuuzie mwingine.

Ndivyo alivyonifundisha marehemu mume wangu, enzi zile mimi mpiga chapa na yeye fundi wa kompyuta. Nilimpelekea mashine yangu inasuasua. Akalinganisha ram kwa saa hivyo hivyo, akachagua ya bei nafuu, akaichomeka kando ya ile ya zamani. Siku ya tatu mashine ikaganda. Nikarudi nimefura kwa hasira. Akasugua meno ya ram kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akaniagizia soda. Wiki iliyofuata, imeganda tena. Nilirudi mara saba. Mara ya saba sikuwa na hasira, nilikuwa nimejipaka wanja.

Basi miaka ishirini na sita alinitangaza kwa ndugu na majirani: "Huyu alinifuata mwenyewe dukani!" Mawifi zangu hoi kwa kicheko. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Sikuwahi kujua kama alinitaka, au alinipokea tu kwa kuwa nilishafika mlangoni. Na sasa hayupo wa kuulizwa.

"Niwekee hii kavu," nilimwambia muuzaji, "ikae pamoja na ya zamani iliyomo."

"Hapana, shangazi. Kasi zake tofauti. Ukizichanganya hivi, mashine itakuwa inaganda kila mara. Hilo fundi analijua siku ya kwanza kazini."

"Hata fundi wa zamani?"

"Hata wa zamani. Labda awe anataka mteja arudi."

Nikakumbuka. Wiki aliyonichumbia ndipo alipoichomoa ile ram ya zamani, na mashine haikuganda tena mpaka ikafa kwa uzee.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikacheka, machozi yananitoka mbele za watu. Mwongo mkubwa yule! Alinitaka tangu siku ya kwanza, na mimi ndiyo kwanza nimejua leo.