Mjusi Chini ya Blanketi

Mektrida alikuwa amechoka kabla mjusi hajazaliwa. Hilo lieleweke mapema, maana majirani wa mtaa wao wa Rau walikuja kusema baadaye kwamba mjusi ndiye aliyemkondesha, na si kweli.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu mama mkwe wake, Bibi Apolonia, ateleze kwenye mfereji kule Uru mlimani, kwenye kihamba chake cha migomba na kahawa, akavunjika nyonga. Huko juu hapakuwa na mtu wa kumwangalia, kwa hiyo alipotoka hospitali Primus, mwanawe na mume wa Mektrida, alimleta mjini, akamkabidhi kwa Mektrida, kisha akarudi mashambani Mabogini kulinda mpunga wake dhidi ya ndege. Kiwandani alikuwa amepunguzwa mwaka uliotangulia, na mpunga ndio uliobaki. Kila Jumapili alikuja, akala, akakaa kidogo kitandani kwa mama yake, akaondoka na baiskeli.

Muuguzi alikuwa amesema mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo mgongo utachubuka vidonda. Basi Mektrida alimgeuza. Katikati ya kugeuza na kugeuza alikaa kwenye cherehani akishona sare za shule, alipika mtori wa ndizi na nyama akausaga laini, alifua mashuka. Bibi Apolonia hakuwa mgonjwa wa kushukuru. Mtori ulikuwa na maji mengi. Mto ulikuwa umekaa vibaya. Mkono wa Mektrida ulikuwa wa baridi. Mwanamke aliyelima kahawa miaka hamsini na kubeba majani ya ng'ombe kichwani hadi mwaka ule wenyewe, sasa alikuwa analala akitazama dari, na alichobakiwa nacho ni kukosoa.

Chumba cha uani alikipanga Kaisa, msichana wa Kifini aliyefundisha baiolojia katika sekondari moja ya hapo mjini. Kaisa alikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake mijusi wawili wanene wenye madoadoa kama chui, alioachiwa na familia moja ya Kizungu iliyokuwa inahama Arusha. Mektrida hakuwapenda. Kila alipopita dirishani aligeuza uso. Lakini mpangaji mwenyewe alikuwa na adabu, alimwamkia Bibi Apolonia shikamoo kila asubuhi, na alifagia uwanja bila kuombwa.

Mwezi Septemba walimu wenzake walimshawishi wapande mlima, siku tisa kwenda na kurudi. Asubuhi ya safari alimletea Mektrida taa ya kupashia joto na kibakuli cha plastiki chenye mchanga wenye unyevu na yai moja jeupe, laini kama ngozi. La pili lilikuwa limeota ukungu.

"Mama, hawa wakubwa wanaweza kukaa bila chakula, nimewawekea maji. Lakini yai linataka joto. Taa hii iwake. Halitaanguliwa kabla sijarudi, usiogope."

Aliacha na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili chake: *Kama yai inatoka jasho, mtoto anakuja. Mtoto hatakula siku nne. Atakula ngozi yake. Usishike na mkono.*

Taa iwake! Ulikuwa mwaka wa mgao. Umeme ulikatwa asubuhi, ukarudi jioni, siku nyingine haukurudi kabisa. Siku ya kwanza tu Mektrida aliikuta taa imezimika na kibakuli kimepoa. Alisimama pale akiwaza kwamba angeweza kukiacha tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akachemsha maji, akayatia kwenye chupa, akaizungushia vipande vya kitambaa cha sare, akaiegemeza kwenye kibakuli. Kila alipotoka kumgeuza mama mkwe alikwenda kubadilisha chupa. Ratiba ilikuwa ileile, alijiambia, ila sasa wagonjwa walikuwa wawili.

Siku ya tatu yai lilitoka jasho. Kesho yake saa nne asubuhi alikuta limepasuka, na mtoto amelala ubavu juu ya mchanga, mwembamba kuliko kidole chake cha mwisho, ana mistari myeusi na ya njano kama nyigu. Tumboni alikuwa bado ameshikamana na kitu cha rangi ya kiini cha yai, kimejaa mchanga. Hakusimama. Alifungua mdomo, akaufunga, basi.

Mektrida alikaa chini sakafuni na kibakuli mapajani. Machozi yalimtoka na hakujua anamlilia nani.

"Nini tena huko?" sauti ya Bibi Apolonia ikatoka chumba cha pili. "Mbona kimya? Saa yangu ya kugeuzwa imepita!"

Alikwenda na kibakuli mkononi, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutafuta mahali pa kukiweka.

"Ni mjusi wa Kaisa, Mama. Amezaliwa dhaifu. Amekuja na kiini tumboni, naona nikivute kitoke, ameshindwa kusimama."

"Usivute!" Bibi Apolonia aliinua kichwa kutoka kwenye mto, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi. "Hebu lete nione. Ukivuta unamtoa utumbo. Vifaranga wangapi watu wamewaua hivyo! Hicho ndicho chakula chake, mwache akimalize. Mtoe kwenye mchanga. Una karatasi ya chooni? Ilowanishe, umlaze juu yake. Maji ya vuguvugu, si ya mtungini."

Mektrida alifanya alivyoambiwa. Alimnyanyua mtoto kwa kijiko cha chai, akamlaza juu ya karatasi yenye unyevu ndani ya boksi dogo la plastiki, akatoboa mfuniko kwa sindano ya moto.

"Sasa joto," alisema, akijishika kiuno. "Mkaa umekwisha. Nikanunue mwingine."

Bibi Apolonia alimtazama. Huenda ndiyo mara ya kwanza tangu Julai kumtazama mkwewe usoni.

"Unasinzia umesimama," alisema. "Lete hilo boksi hapa, chini ya blanketi. Mimi si nimelala tu kutwa nzima? Joto ninalo. Na hapa mgongoni niwekee mto nitulie hivi ubavu, nikichoka nitakuita. Nenda kalale."

"Mama, ni mjusi."

"Nimeshaona ni mjusi. Nenda."

Mektrida alijilaza juu ya kitanda chake na kanga yake kiunoni, akidhani atapumzika dakika kumi. Alipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba. Alikimbia akiwa pekupeku. Bibi Apolonia alikuwa macho, ameshikilia boksi kifuani kwa mikono miwili, na midomo imemkauka kwa kiu kwa kuwa hakutaka kuita.

"Amegeuka," alinong'ona. "Alikuwa upande huu, sasa yuko huu. Miguu minne yote chini."

Siku zilizofuata kazi ya Mektrida haikupungua. Ilibidi adondoshee karatasi maji, aondoe uchafu, na kumtulizia mama mkwe mito kwa namna ambayo boksi halitabinuka. Kile kiini kilisinyaa, kikakauka, kikadondoka chenyewe. Siku ya nne mtoto alipauka mwili mzima kama aliyemwagiwa unga, kisha akajivua ngozi kwa meno yake na kuila, ila vidoleni ikamganda. Bibi Apolonia aliamuru pamba na maji ya vuguvugu, na Mektrida akafanya kazi ile kwa ncha ya pamba, kidole kwa kidole, akiwa amezuia pumzi.

Nyenje aliomkamatia uani walikuwa wakubwa mno. Mtoto aliwakimbia.

"Mchwa," alisema Bibi Apolonia. "Wale wadogo weupe. Nguzo ya banda la jirani imeoza, nenda kabandue hapo."

Mchwa wa kwanza alitembea mbele ya pua yake bila kuguswa. Wa pili vilevile. Kwa yule wa tatu mtoto alitikisa ncha ya mkia, akainama, akaruka. Wanawake wale wawili walipiga kelele pamoja, hata jirani akachungulia dirishani kuuliza kama Bibi amezidiwa.

Kaisa alishuka mlimani midomo imebabuka kwa jua na baridi, akaenda moja kwa moja kwenye taa iliyozimika. Mektrida alimwongoza chumbani. Msichana alipofunuliwa blanketi alicheka, kisha akalia, kisha akataka kuchukua boksi.

"Umeme umerudi?" Bibi Apolonia aliuliza.

"Bado, Bibi."

"Basi ukirudi, utakuja kumchukua."

Mvua kubwa za mwaka ule zilipoanza umeme ulitulia, na mjusi akahamia kwenye sanduku la kioo, dirishani kwa Kaisa. Bibi Apolonia alidai awe anakalishwa kwenye kiti dirishani ili amwone. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti kulimchosha Mektrida kuliko kumgeuza mara tano. Lakini alikaa. Mguu haukupona hata siku moja, ila kukaa alikaa, na mgongo wake haukuota kidonda.

Baada ya Krismasi Kaisa alihamishiwa shule ya Same, akaondoka na mijusi wake wote watatu kwenye gari la shule. Siku mbili Bibi Apolonia hakuukosoa mtori. Siku ya tatu Mektrida alipomleta kitini, alinyoosha mkono kuelekea kwenye rundo la sare.

"Hizo hazina vifungo."

"Bado, Mama. Nitashona jioni."

"Nipe sindano. Nitungie uzi, macho hayaoni tundu."

Mektrida alimtungia. Asubuhi nzima walishona, mmoja kwenye cherehani, mwingine dirishani. Vifungo vya Bibi Apolonia vilikaa kombo, vingine havikukutana na matundu yake kabisa. Mchana, mzee alipolala, Mektrida alifumua nusu yake akavishona upya, akapanga mashati juu ya meza kama alivyoyakuta, kisha akaenda kumgeuza.