Verdell Pruitt Wawili

Kabla magoti hayajamshinda, Verdell Pruitt alikuwa nyota. Alizaliwa Louisville, akakuzwa na kwaya ya kanisa, na alipofika miaka kumi na saba akatoroka na bendi hadi Columbus. Mpiga tarumbeta alimwahidi ndoa, kampuni ya santuri ikamwahidi umaarufu. Ndoa haikuja. Umaarufu ulikuja, ukakaa miaka michache, kisha vijana wakapenda muziki mwingine.

Mwaka 2015 alikuwa bibi kizee wa Buffalo, akihudumiwa nyumbani na Cibalonza, mama Mkongomani wa mtaa wa West Side. Asubuhi moja Cibalonza aliingia na tangazo alilolibandua dukani.

"Mama Verdell, donc unaimba pale mtaa wa Bailey Jumapili na hata hukuniambia?" akasema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake.

Verdell akavaa miwani. Jina lilikuwa lake. Picha ilikuwa ya mwanamke mwenye wigi la rangi ya dhahabu.

"Kumbe bado mzuri hivi!" akasema. "Nipeleke nikajione."

"Bon, mimi naita polisi."

"Polisi wataharibu onyesho. Niletee lile gauni jekundu."

Jumapili wakakaa mstari wa mbele. Mwanamke wa wigi aliimba vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi Verdell. Kisha akasimulia jinsi alivyotoka Louisville amepanda punda. Watu wakafuta machozi.

"Baba yangu alikuwa dereva wa basi," Verdell akamnong'oneza Cibalonza, aliyejiziba mdomo kwa kitenge asicheke.

Onyesho lilipokwisha, Verdell alijikongoja hadi kwenye meza ya kusainia picha.

"Niandikie: Kwa Verdell Pruitt."

"Ah, tuna jina moja!"

Verdell aliimba mstari wa kwanza wa wimbo wake uliovuma zamani, kwa sauti iliyokwaruza lakini isiyokosea. Kalamu ikamponyoka yule mwanamke.

"Nilidhani umekufa," akasema.

"Hata mimi nikiamka hudhani hivyo. Unaitwa nani hasa?"

"Darlene."

"Sikiliza, Darlene. Noti za juu zimenikimbia. Utaziimba wewe, za chini nitaimba mimi, na makofi tutagawana. Ukikataa, nitapiga kelele hapa hapa."

Darlene alikubali kabla Verdell hajamaliza kusema.

Mwezi uliofuata waliimba pamoja Columbus, Darlene amesimama, Verdell kwenye kiti. Cibalonza, mwimbaji wa kwaya tangu Bukavu, aliitikia nyuma yao. Ukumbi mzima ulisimama, na Verdell akawaacha wapige makofi hadi viganja vikawauma.