Mahali Walipoiacha Ingobyi

Jina langu limo kwenye ukurasa wa pili wa ile ripoti, juu kabisa, kabla ya majina ya watu wenye digrii zao. "Shukrani za pekee kwa Mama Francisca Niyonsaba, muuguzi mkunga mstaafu, kwa ushauri wake wa kitaalamu." Ilipofika niliibeba mpaka kanisani, na baada ya misa nikaifungua nikijifanya natafuta miwani, ili wanaokaa nami benchi moja wasome vizuri. Siku hizi nimeifungia kabatini chini ya mashuka, na anayetaka kuiona namwambia imepotea.

Mimi ni mtu wa maneno, sikatai. Miaka thelathini na miwili nimezalisha wanawake katika kituo kimoja cha afya upande wa Ngara, na wodi ya wazazi haiendeshwi kwa kunong'ona. Kwa hiyo Daktari Ngassa alipokuja nyumbani, kijana mpole wa Kisukuma, akaniamkia shikamoo huku ameinama mpaka nikauhurumia mgongo wake, nilijua amefika kwa mtu anayemtafuta. Alikuwa anafanya utafiti Ngara na Biharamulo: kwa nini wajawazito wa vitongoji vingine wanafika kituoni mapema, na wa vingine wanazalia nyumbani au njiani. Alitaka washauri watano wanaoijua hali ya huku.

"Mama, sisi hatutauliza swali ambalo ninyi hamjalipitisha," aliniambia. "Na matokeo ndiyo yataonyesha nyumba ya kusubiria wajawazito ijengwe wapi."

Nyumba ya namna hiyo mama anakuja kukaa wiki mbili tatu kabla ya siku zake, karibu na wakunga, ili uchungu usimkute mbali. Niliitamani kuliko huyo daktari mwenyewe. Scolastica, binti wa marehemu kaka yangu, ameolewa Murusenyi, kitongoji kilicho nyuma ya mabonde mawili kutoka kituoni, na yule mtoto nimemlea mimi tangu ana miaka minne. Alikuwa ametoka kupoteza mimba moja. Nilitaka nyumba ijengwe kwetu ili mimba ijayo aje kukaa pale, nimwone kila siku, nimfokee kila siku.

Tulikutana Biharamulo mjini, tukakaa ukumbini siku nzima tukipitia maswali. Swali la kumi na nne lilikuwa hivi: mama alifikaje kituoni? Majibu ya kuchagua yalikuwa kwa miguu, baiskeli, pikipiki au gari. Benedicta, mkulima wa hukohuko Biharamulo ambaye amekuwa mhudumu wa afya wa kijiji chake kwa miaka mingi, akanyoosha mkono.

"Ongezeni na kubebwa," akasema. "Watu bado wanabebwa. Kule Ngara wana ingobyi zao, si ndiyo, dada Francisca?"

Kwa asiyejua, ingobyi ni machela ya kusuka kwa fito na matete, inabebwa na wanaume wanne mabegani. Kila kitongoji kina chama chake cha wabebaji, na mwanamume asiyewabeba wenzake ajue siku yake hatabebwa.

Wageni wawili wa chuo kikuu waliokuwa mbele na kompyuta zao wakainua vichwa kwa pamoja. Hapo ndipo aibu iliponishika. Nikaiona picha ya ingobyi kwenye jalada la ripoti, na watu wa mbali wakituonea huruma kama watu wa porini.

"Ingobyi ni mambo ya bibi zetu," nikasema. "Mimi nimekaa kwenye mlango wa wodi ile. Miaka kumi ya mwisho sijaona hata moja. Watu wanashuka kwenye pikipiki."

"Hujaona kabisa?" Benedicta akauliza.

"Nimesema sijaona. Au ni wewe uliyekuwa unafanya kazi pale?"

Watu wakacheka. Benedicta akarudi kwenye karatasi zake. Nikamwona Daktari Ngassa anaandika pembeni ya swali la kumi na nne: kubebwa, isiwekwe. Nilikunywa soda yangu kwa raha zangu.

Na sikusema uongo, ndilo linaloniuma. Sikuwa nimeona.

Ripoti ilipotoka, baada ya kuipeleka kanisani nilikaa chini nikaisoma yote. Murusenyi ilikuwa kwenye orodha ya vitongoji vinavyofikika vizuri: dakika ishirini na tano kwa pikipiki. Nyumba ya kusubiria ilipelekwa kijiji kimoja cha Biharamulo. Siwaonei wivu, nao wana wake zao na mabinti zao. Lakini nilimpigia Daktari Ngassa simu nikiwa nimewaka.

"Mama, tumefuata majibu," akanijibu kwa adabu ileile. "Wa Murusenyi karibu wote walisema walifika kwa pikipiki au kwa miguu."

Nikamwambia amefanya utafiti wa kitoto, nikakata simu. Haikunijia akilini kujiuliza pikipiki inapitaje kule, wakati mimi mwenyewe nikienda kumtembelea Scolastica huwa nashuka kwenye bonde la kwanza na kuvua viatu.

Mwaka huu Aprili mvua haikutupa nafasi. Scolastica, mimba ikiwa imetimia, alianza uchungu Jumanne asubuhi akiwa kwenye shamba la maharage. Mimi nilipata habari saa kumi jioni, kwamba ameshafikishwa kituoni. Nilimkuta amelala ameelekea ukutani. Mtoto alikuwa wa kiume, amekamilika, ana nywele nyingi. Hakulia.

Mkunga wa zamu, binti niliyemfundisha kazi kwa mikono hii, alinivuta pembeni. "Mama, pole. Alifika amechelewa, tena hana nguvu hata ya kusukuma. Angewahi hata kwa saa mbili."

"Alikuja na nini?"

"Kwa miguu, mama. Hata kwenye rejista nimeandika kwa miguu. Nilimwona anapanda kilima pale, ameshikwa na wanaume wawili."

Kwa miguu, kutoka Murusenyi, na uchungu. Damu ilinipanda kichwani. Nilitoka nje kutafuta mtu wa kumkaripia, awe mume, awe jirani, yeyote. Nikateremka kilima mpaka kwenye migomba iliyo chini ya kituo, maana nilisikia sauti za wanaume.

Nilimkuta Hakizimana, kiongozi wa wabebaji wa Murusenyi, amekaa na wenzake watatu, wamelowa, matope hadi magotini. Nyuma yao nguzo mbili zilikuwa zimesimikwa ardhini, za siku nyingi, zimeshakuwa nyeusi, na juu yake wameegesha ingobyi. Ardhi ya pale ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu na tupu kama mlangoni pa nyumba. Wote wakasimama.

"Shikamoo, mama nesi."

"Marahaba. Hiyo ingobyi inafanya nini hapa?"

"Ndipo tunapoiachaga," Hakizimana akasema.

"Tangu lini?"

Akawatazama wenzake kwanza. "Tangu mwaka ule ulipotufukuza. Tulikuwa tumemleta mama yangu mzazi, tukaingia mpaka ndani na matope. Ukasema wodi si zizi. Ukasema watu wa leo hawabebani kama mizigo. Tukaona mtaalamu amesema. Kwa hiyo tunaiacha hapa, mgonjwa anapanda kilima kwa miguu, sisi tunamshika. Akiwa hawezi kabisa tunaita pikipiki pale barabarani, inamfikisha mlangoni. Vitongoji vingine nao wanaachia hapahapa."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia. Nilitafuta ile siku kichwani sikuipata. Mama yake ningemkumbuka vipi, na maneno yale niliwaambia wangapi, sijui. Kwangu ilikuwa asubuhi moja ya kusafisha sakafu.

"Leo mmetembea muda gani?" nikauliza.

"Saa nne, mama. Mwili wa mtu haukimbizwi kwenye utelezi. Halafu pale kilimani alikaa chini mara mbili. Tukamwambia jikaze, umeshafika."

Nikakaa palepale kwenye tope na gauni langu la heshima.

Tulimzika mtoto Jumatano. Alhamisi nilimpigia Daktari Ngassa nikamweleza yote, na nikamwambia kosa si lake. "Andika barua, mama, nitaiambatanisha kwenye ripoti," akasema. "Lakini ile nyumba imeshaezekwa." Kisha nikampigia Benedicta. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru kama angenitukana. Alisema tu, "Pole, dada yangu," akaniuliza kama Scolastica anakula.

Barua niliiandika mara tatu. Nimeandika kwamba jibu la kubebwa halikuwekwa kwenye swali la kumi na nne kwa sababu yangu, na kwamba rejista za miaka yote zilizosainiwa na mimi nazo zina kosa hilohilo. Sijajibiwa.

Ijumaa ya wiki ileile Scolastica aliruhusiwa. Aliamka akajifunga khanga, akaanza kutembea kuelekea mlangoni huku anashika ukuta, ateremke kwenye migomba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ndivyo wanawake wa kwao wanavyofanya.

"Kaa," nikamwambia. "Leo utapandia hapa." Nikatoka nje nikawaita wale wanaume waliokuwa wakisubiri chini. "Ileteni ingobyi mpaka kitandani."

Walipanda nayo kilima, wakafika kizingitini, wakasimama. Hakizimana aliiegemeza ukutani, akachana jani la mgomba alilopanda nalo, akawagawia wenzake, wakainama kufuta miguu.

"Acheni," nikasema. "Ingieni hivyohivyo. Nawaomba."

"Ndiyo, mama nesi," Hakizimana akajibu, na akaendelea kujifuta, kidole kwa kidole, mpaka tope lote likaisha.