Kilomita ya Kumi na Saba

Saa nne asubuhi Devota aliikuza ile picha kwenye kompyuta kwa mara ya tatu, akasogeza uso karibu na kioo.

Alikuwa fundi sanifu wa ofisi ya barabara mjini Tanga. Kila kiangazi alizunguka na dereva wake, Badru, akiipa kila kilomita ya lami alama, kuanzia moja, yaani barabara imekufa, hadi tano, yaani nzima kabisa. Alama hizo ndizo zilizoamua ni barabara ipi itengenezwe mwaka huo na ipi isubiri. Orodha ilitakiwa iende makao makuu siku hiyohiyo, saa nane mchana, na kilichobaki ni kubandika picha tu.

Picha ya kilomita ya kumi na saba, mbele ya Pongwe, ilipigwa Februari kupitia kioo cha gari. Jua lilikuwa kali, walikuwa wamechelewa, na Devota hakushuka. Aliandika nne, gari likaendelea. Sasa ndipo alipoona kilichompita: ufa mrefu pembeni mwa lami, na kando yake michirizi ya tope jepesi, jeupe kama uji uliokauka. Chuoni waliambiwa wazi. Tope likitoka kwenye ufa, maji yameshaingia chini, na kila gari linalopita linayakamua yatoke na udongo. Juu lami inang'aa, chini panabaki uwazi.

Na nje ilikuwa siku ya tatu mvua haijakatika.

"Huenda ni vumbi," alijiambia. Akabandika picha nyingine mbili. Akairudia ile. Mwishowe aliinuka, akamfuata Badru kibarazani.

"Kaka Badru, nipeleke kumi na saba."

"Kwenye mvua hii? Si ulishaipima?"

"Ndiyo maana nataka twende."

Badru alimtazama usoni, akachukua funguo.

Njiani, kila basi lililowapita Devota alilihesabia abiria. Kila lori la saruji lilimfanya akaze mkono kwenye mlango.

Walipofika, alivaa fulana yake ya rangi ya machungwa akashuka. Kwa macho ya mpita njia, barabara haikuwa na neno. Kisha likapita lori, na kwenye ule ufa maji ya rangi ya maziwa yakaruka juu kama yametemwa.

Ng'ambo ya mtaro, mama mtu mzima alikuwa ameketi barazani kwake akipukuchua kunde. Devota alimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwaja kuitazama leo?" Alikuwa anaitwa Bi Mwamvua, na hakungoja jibu. "Tangu juzi yatikisika. Gari kubwa likipita, vikombe kabatini vyalia, wallahi. Nanyi niliwaona wakati ule wa jua. Mlipunguza mwendo, mkapiga picha, mkenda zenu. Hamkuteremka."

Devota alihisi uso ukimwaka. Aliteremka mtaroni hadi kwenye kalavati, lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na majani na magogo, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yakijipenyeza pembeni mwake, yakitoka upande wa pili mekundu kwa udongo. Alichukua fimbo yake ya kupimia akaisukuma chini ya ukingo wa lami. Haikugota. Aliisukuma tena, mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko.

"Badru! Usiache gari lolote lipite upande huu!"

Badru alitoa panga chini ya kiti, akakata matawi, akayapanga barabarani kutoka mbali ili madereva wajue kuna hatari. Devota alisimama katikati akiwaelekeza watumie upande wa pili, mmojammoja, taratibu. Kondakta mmoja alimtukana. Alimwacha atukane. Mvua ilipopungua kidogo, alimpigia simu mkuu wake, Injinia Laurenti.

"Injinia, kumi na saba nilikosea. Si nne. Ni moja."

"Devota, orodha nimeshaisaini."

"Sikushuka garini siku ile. Niliandika kwa kutazama dirishani."

"Unajua unachoniambia? Jina lililo kwenye ile fomu ni lako."

"Najua."

"Na nafasi zimejaa. Hii ikiingia, ile barabara ya Mkwaja inatoka."

Devota alifumba macho. Ya Mkwaja alikuwa ameitembea kwa miguu mwanzo hadi mwisho, na wanakijiji walimfuata wakimwonyesha kila shimo. Aliwaambia mwaka huu itaingia.

"Itoke," alisema.

"Ni hiyo moja tu?"

Hapo ndipo alipotamani kusema ndiyo. Badru alikuwa karibu, anasikia, na yeye alikuwemo garini siku ile.

"Hapana, Injinia. Kuna nyingine saba nilizoandika hivyohivyo."

Laurenti alishusha pumzi. "Kaeni hapohapo. Naleta watu na vizuizi. Orodha itangoja."

Saa kumi kasoro, vizuizi vikiwa vimeshawekwa, ukingo wa lami ulikatika. Haukupiga kishindo kikubwa. Kipande cha ukubwa wa chumba kilizama kwenye shimo pamoja na matawi ya Badru, na maji yakakifunika. Hapakuwa na mtu juu yake. Bi Mwamvua alisimama barazani, mikono kichwani, akimtaja Mungu. Devota alichuchumaa pembeni mwa mtaro akatapika.

Barua ya onyo aliipata Jumatatu iliyofuata. Aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi ya kuipokea, na Injinia akamwambia kwamba atakayewaandikia wananchi wa Mkwaja kuwa barabara yao itasubiri ni Devota mwenyewe. Aliandika asubuhi ile, karatasi mbili akizichana kabla ya kuipata iliyosema kweli. Kisha alimwita Badru, wakaenda kuzianza zile saba zilizobaki. Wakafika ya kwanza. Badru akazima gari, naye Devota akafungua mlango, akaanza kutembea.