Mgeni Asiyeachwa Akae

Rafiki zake walimwita Bawaba, kwa sababu asubuhi, kabla hajapata moto, aliinuka kitandani kama bawaba iliyonyimwa mafuta. Jina halikumuudhi. Alichokichukia ni kuhurumiwa. Misuli yake, kama ya mama yake na ya babu aliyemzaa mama, ikishakaza haiachii upesi. Akikaa muda mrefu, miguu hugeuka magogo. Akitembea kidogo hulainika, na hapo mfukuze kama unaweza. Si ugonjwa wa kuambukiza. Ni urithi, kama wengine wanavyorithi upara.

Lakini urithi huo ulishamfukuzisha katika nyumba moja alikokwenda kuposa. Alisema ukweli siku ya kwanza, na kabla chai haijapoa akaambiwa damu yake haifai. Ndiyo maana safari hii, akienda kujulishwa kwa baba wa mchumba wake, alimwapisha mchumba mwenyewe, mshonaji nguo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Baba yako asijue leo. Anizoee kwanza."

"Na ukiganda kitini?"

"Usiniache nikae."

Naye, mtoto wa watu, hakumwacha. Mgeni hajamaliza kikombe, akasikia, "Wewe, nishushie lile sufuria." Akashusha, akarudi. Baba mtu, seremala, akaanza kumwuliza habari za ngozi na soli, maana Bawaba alikuwa fundi viatu. "Samahani, baba. Wewe, njoo usogeze kabati." Akasogeza. Akakaa. "Dirisha hilo linapiga kelele, lifunge." Akafunga. Alikuwa mwepesi kama paka, na kila alipofokewa alishukuru kimoyomoyo.

Seremala alikunja uso. Binti alipotoka kuanua nguo uani, alimsogelea mgeni.

"Kijana, nikuulize kiume. Mkiwa wawili pia anakutuma hivi?"

"Ananisaidia, mzee."

"Anakusaidia? Hata punda hupewa muda wa kutafuna."

Binti akaingia na furushi. "Wewe, njoo tukunje shuka."

"Mgeni, kaa hapo hapo," seremala alisema. "Na wewe, mwanangu, kaa." Akaanza mawaidha, na mawaidha yakawa marefu. Alimlea peke yake tangu mama yake afariki, alimsomesha, alimfundisha utu, na kumbe alikuwa analea msimamizi wa gereza. "Kijana huyu ana adabu. Utammaliza. Ndoa hii siitaki, na si kwa ubaya wake, ni kwa ubaya wako."

Neno moja tu lingemtetea binti, lakini asingelisema. Alikuwa ameapa. Mwanamke ambaye sindano ilishawahi kumpenya kucha bila kutoa chozi, sasa alitazama sakafu na machozi yakamlengalenga.

Bawaba aliona, na damu ikamchemka. Uanaume gani huu, yeye afiche aibu, mwenzake aibebe?

"Mzee," alisema, "nitazame ninavyoinuka."

Akainuka. Yaani, alianza kuinuka. Nyonga ziligoma, mapaja yakawa mbao, vidole vikang'ang'ania mkono wa kiti. Akabaki katikati, si wa kukaa si wa kusimama. Seremala aliruka kumshika.

"Mwache, baba. Ukimshtua atakaza zaidi, ataanguka."

Wakangoja. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyebeba nyumba. Iliyofuata ikapungua uzito. Alipofika mlangoni na kurudi, alitembea kama mtu aliyesikia chakula kimeiva.

"Ndivyo nilivyo. Nimerithi kwa mama. Yeye ana wajukuu, na bado anawafuata majirani mpaka kwao kugombana nao. Lakini sikufichi tena: watoto wetu wanaweza kuipata. Nikikaa naganda, ndiyo maana nilimwomba asiniache nikae. Alikuwa ananisitiri, na mimi nikamwacha atukanwe."

Seremala alikaa taratibu. "Inauma?"

"Si sana. Kinachouma ni kuharakishwa."

"Na mtoto akiipata?" Hili alimwuliza binti.

"Atakuwa na baba wa kumwonyesha njia," binti alijibu, akifuta pua kwa kiganja, "na mama wa kumfokea."

Mzee akaguna, akacheka kidogo, kisha uso ukamshuka. "Nisamehe, mama. Nimekuonea."

"Umenionea sana," binti alisema, lakini alikuwa ameshaanza kukunja shuka.

Ndipo seremala akamnyooshea Bawaba mkono. Bawaba akasita.

"Nikikushika, mzee, sitaweza kukuachia upesi."

"Nani kakwambia nina haraka?"

Wakashikana. Vidole vya Bawaba vilifumba, vikakataa kufumbua. Seremala hakuvuta, wala hakutazama chini. Alianza kusimulia habari ya mteja wake mmoja mbishi, aliyeagiza kitanda kipana kuliko mlango wa chumba chake, na alivyomwonya, na jibu alilopewa. Vidole vililegea kimoja kimoja, vikaachia. Mzee alikuwa bado yuko katikati ya kisa, na mkono hakuuondoa.